Kikulacho ki Udongoni: Ua la Usambara na Visubi wa Chunguni

Miongoni mwa maua yanayolelewa madirishani katika nyumba za Ulaya na Marekani, ni machache yaliyoenea kama ua moja dogo la rangi ya urujuani, lenye majani ya mviringo na manyoya laini mithili ya mahameli. Waingereza huliita urujuani wa Afrika. Wajerumani huliita Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara, na kwa jina hilo wamekiri wenyewe mahali lilikotoka. Ua hilo ni la Tanga na milima yake. Lilisafirishwa zaidi ya miaka 130 iliyopita, likawekwa chunguni, na huko chunguni likakutana na msumbufu ambaye hadi leo huwakosesha raha walezi wake: kisubi mdogo mweusi azaliwaye ndani ya udongo wenye maji. Historia ya watu kupambana na kisubi huyo ni ndefu kuliko umbo lake, nayo ina funzo kwa kila mwenye kulea mmea ndani, barazani au roshani.

Mwaka 1892 mkuu wa wilaya ya Tanga, chini ya utawala wa Kijerumani, alikuwa Baron Walter von Saint Paul-Illaire. Vita vya Wajerumani kuitamalaki Mrima vilikuwa vimekwisha si zamani. Bushiri bin Salim alikuwa amenyongwa Pangani mwezi Disemba 1889. Vita hivyo ndivyo alivyovitungia utenzi Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, malenga wa Tanga. Saint Paul-Illaire naye hakuwa mgeni wa lugha, kwani mwaka 1890 kilichapwa kitabu chake cha kuwafunza Wajerumani Kiswahili. Mkusanyaji huyo wa maneno alikuwa pia mkusanyaji wa mimea. Ua aliloliona karibu na Tanga na huko Usambara alimpelekea baba yake Ujerumani, na baba akamfikishia Hermann Wendland, msimamizi wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen mjini Hanover. Mwaka 1893 Wendland akalipa jina la kitaalamu, Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni heshima kwa ukoo wa baron; la pili limetokana na Kiyunani, lenye maana ya kufanana na urujuani. Wenyeji wa milima, waliokuwa wakilipita ua hilo kila waendapo kuteka maji, hawakupata nafasi katika jina hilo.

Ili kuelewa yaliyofuata, yafaa kwanza kulitazama ua hili kwao. Porini huota katika nyufa za mawe, penye kivuli, mara nyingi karibu na vijito. Udongo wake ni haba, pengine haujazi hata kiganja: ni mboji kidogo iliyonaswa na vimea vya kijani vitambaavyo juu ya jiwe. Mvua hunyesha na umande hushuka, lakini maji hayatuami. Hupita juu ya jiwe yakaenda zake. Jamaa za ua hili wanapatikana pia katika milima ya Taita na kwenye miamba ya chokaa ya pwani ya Kenya, na huko nako maisha yao ni yale yale: unyevu usiokatika, lakini usiosimama. Mmea huu umezoea kulowa na kukauka, kukauka na kulowa, katika nafasi ndogo isiyo na akiba.

Ughaibuni mambo yakageuka. Mwaka huo huo wa 1893 ua lilionyeshwa katika maonyesho ya kimataifa ya maua mjini Ghent, Ubelgiji, na nyumba ya biashara ya mbegu ya Ernst Benary, iliyokuwa mji wa Erfurt, ikaanza kuuza mbegu zake. Mnamo miaka ya 1920 mbegu zilifika Los Angeles katika bustani ya Armacost na Royston. Huko miche mingi ilioteshwa, na mwaka 1936 aina 10 zilizochaguliwa zikatolewa sokoni. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hili wakaunda chama chao nchini Marekani. Nyumba zenye joto la mashine wakati wa baridi, na baadaye taa ndefu za umeme, ziliwezesha mmea wa nchi ya joto kuchanua hata theluji inapoanguka nje. Ua likawa la kila mtu: la bibi mzee aliye peke yake, la karani ofisini, la mgonjwa aliyelazwa hospitali.

Basi waliolichukua ua waliuchukua mmea, wakaliacha jiwe. Mahali pa ufa wenye kupitisha maji pakawekwa chungu chenye kitako. Mahali pa mboji kidogo pakajazwa udongo mwingi. Mahali pa mvua ipitayo pakaja mkono wa mlezi, wenye mapenzi na birika la maji. Na ndani ya udongo ule uliojaa, usiokauka, kisubi akapata makao.

Kisubi huyu si usubi wa mtoni aumaye watu na kuwatia upofu, wala si mbu. Haumi na hanyonyi damu. Ni wa jamii ambayo wataalamu wameiita Sciaridae, na walio mashuhuri zaidi vyunguni ni wa nasaba ya Bradysia. Urefu wake ni milimita 2 hadi 3. Miguu yake ni mirefu na urukaji wake ni dhaifu, wa kuyumbayumba, karibu na uso wa udongo au kwenye kioo cha dirisha. Mtu akimwona huyo arukaye hudhani amemwona adui. Kumbe huyo arukaye amekwisha kufanya kazi yake yote iliyobaki isipokuwa moja, nayo ni kutaga. Huishi takriban juma moja tu, na jike katika muda huo aweza kutaga mayai 100 na zaidi katika nyufa za udongo uliolowa.

Mayai huanguliwa baada ya siku chache, na mabuu hutoka: weupe, wembamba, mwili kama kioo, kichwa cheusi king'aacho. Hao ndio wenye nyumba. Hukaa katika sentimita chache za juu za udongo kwa muda wa majuma mawili hivi, wakila ukungu, majani yaliyooza na utando wa kijani uotao juu ya udongo wenye maji. Wakizidi, au chakula hicho kikipungua, hugeukia mizizi midogo na shina changa. Mmea mkubwa hustahimili; mche na kipande cha jani kilichopandwa ili kitoe mizizi huweza kufa. Isitoshe, visubi hubeba vijimbegu vya maradhi ya kuoza kutoka chungu hiki hadi kile. Baada ya buu huja pupa, na baada ya siku 3 au 4 kisubi mpya huruka. Kwa joto la nyumbani, mzunguko wote huchukua kama majuma matatu hadi manne. Kwa hiyo chungu kimoja huwa na vizazi vyote kwa wakati mmoja: mayai, mabuu, pupa na warukao.

Msituni viumbe hawa hawana ubaya. Ni miongoni mwa wafanya kazi wa kuyarudisha majani makavu katika mavumbi. Lakini huko Ulaya watu waliwaona mapema na kuwaogopa kwa sababu nyingine. Katika misitu ya Ujerumani na nchi jirani, mabuu wa aina moja ya visubi hawa hufanya msafara: maelfu hushikamana kwa utelezi wa miili yao, wakatambaa kama nyoka mmoja wa kijivu mwenye urefu wa mita kadhaa. Wajerumani waliuita msafara huo Heerwurm, yaani mnyoo wa jeshi, na wanakijiji waliusoma kama ndege wa falaki: wengine walisema ni dalili ya vita, wengine wakasema ni habari ya mavuno. Mwaka 1868 Maksymilian Nowicki, mtaalamu wa Kipolandi, alimpa mdudu wa msafara huo jina la militaris, la kijeshi. Aliyekuwa bishara ya vita msituni akaja kuwa kero ya dirishani.

Dawa za mwanzo za wakulima wa nyumba za vioo zilikuwa moshi na unga. Katika karne ya 19 walichoma mabua ya tumbaku, milango imefungwa, na moshi wake wenye nikotini ukawaangusha wadudu warukao. Ukawa pia hatari kwa mwenye kuuchoma, kwani nikotini ni sumu kali kwa binadamu. Baadaye ukaja unga wa pareto, ua lingine la nyanda za juu, ambalo Kenya ilikuja kulizalisha kuliko nchi zote duniani kufikia miaka ya 1940. Hapo ua likatumika kulinda ua. Kisha ikaja DDT. Paul Müller wa Uswisi aligundua mwaka 1939 kwamba inaua wadudu, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1948, na kwa miaka mingi ilinyunyizwa mashambani, majumbani na bustanini kama maji ya waridi. Mwaka 1962 Rachel Carson alichapa kitabu chake cha kuonya juu ya sumu hizo, na mwaka 1972 Marekani ikapiga marufuku sehemu kubwa ya matumizi yake.

Ukizitazama dawa hizo zote, utaona kasoro moja inayozifunga pamoja. Moshi, unga na mvuke wa sumu humpiga arukaye. Mwenye nyumba huona visubi wameanguka, akafurahi; baada ya juma moja pupa hupasuka na wengine wakaruka, naye akafikiri wametoka nje. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kilikuwa chunguni, chini ya jani lile lile lililokuwa likifutwa vumbi kila asubuhi.

Udongo wenyewe ulipata historia yake. Katika miaka ya 1930, kwenye taasisi ya John Innes huko Uingereza, William Lawrence na John Newell walichoshwa na miche kufa kwa maradhi ya udongoni. Wakatengeneza mchanganyiko wenye vipimo, na udongo wake wakaupitisha kwenye mvuke wa moto ili kuua wadudu na vijimbegu. Baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1960, vyungu vilianza kujazwa mchanganyiko usio na udongo wa kawaida, uliotokana na mimea ya vinamasi iliyolala majini kwa maelfu ya miaka bila kuoza kabisa. Ni mwepesi kubeba, rahisi kusafirisha, na hushika maji kama sifongo. Urujuani wa Usambara ulistawi humo, na visubi nao wakastawi, maana kitu chepesi, chenye maji na chenye mabaki ya mimea ndicho chakula na kitanda chao. Walezi wa ua wakaongeza jambo moja tena: kwa kuwa maji baridi yakidondoka juu ya majani yenye manyoya huacha madoa, wengi walipitisha utambi chini ya chungu ili udongo unywe wenyewe usiku na mchana. Hila hiyo ni nzuri kwa msafiri na kwa mwenye vyungu vingi, lakini udongo wake haukauki hata siku moja.

Mabadiliko makubwa yalitoka jangwani. Yana mwanzo wa mbali kidogo: mwaka 1901 Ishiwata Shigetane wa Japani alichunguza maradhi ya ghafla yaliyoua viwavi wa hariri, akakuta bakteria. Mwaka 1911 Ernst Berliner alikuta bakteria wa aina hiyo katika viwavi wa nondo wa unga huko Thuringia, Ujerumani, na kwa ajili ya jimbo hilo bakteria akaitwa Bacillus thuringiensis. Mji wa Erfurt, ambako mbegu za ua la Usambara zilianza kuuzwa, uko katika jimbo hilo hilo. Kwa miaka mingi bakteria huyo alijulikana kuwa ni muuaji wa viwavi tu. Mwaka 1976 Leonard Goldberg na Yoel Margalit, wakitafuta maadui wa mbu katika jangwa la Negev, walifika kwenye kidimbwi kidogo katika bonde kavu la mto. Juu ya maji yake walikuta viluwiluwi vya mbu vimekufa na vingine vinakata roho. Kutoka katika tope hilo walipata aina mpya ya bakteria, ambayo iliongezewa jina la israelensis.

Utendaji wake ni wa ajabu na ni wa haki. Bakteria huyu hutengeneza chembe ya protini mfano wa fuwele. Chembe hiyo haina nguvu mpaka iliwe. Ikifika katika tumbo la kiluwiluwi cha mbu, la buu la usubi au la kisubi wa chunguni, huyeyuka kwa sababu ya magadi ya tumbo hilo, ikatoboa kuta zake, na mlaji huacha kula akafa. Tumbo la binadamu, la paka au la ndege halina hali hiyo, na chembe hupita bila madhara. Huyo arukaye haimgusi, kwa kuwa hali udongo. Pupa pia haimgusi. Kwa mara ya kwanza watu walipata dawa imfuatayo adui pale anapokula, lakini kwa sharti: irudiwe kila baada ya siku kadhaa, maana hudhoofika upesi, na kila juma kuna mayai yanayoanguliwa.

Dawa hiyo ilifika Afrika kabla ya kuzoeleka madirishani Ulaya. Mpango wa kutokomeza upofu wa usubi katika Afrika Magharibi ulianza mwaka 1974 kwa kutia sumu mitoni. Usubi ulipoizoea sumu hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1980 bakteria wa Negev akaingizwa kazini. Dar es Salaam ilianza mwaka 2006 kumtumia katika baadhi ya kata zake kuua viluwiluwi vya mbu wa malaria kwenye madimbwi na mitaro. Mwaka 2015 kiwanda cha kumzalisha kilifunguliwa Kibaha kwa utaalamu kutoka Cuba. Hivyo mzunguko umetimia kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga: ua lilitoka Tanga likaenda Erfurt, na jamaa wa bakteria aliyeitwa kwa jina la jimbo la Erfurt akaja kutengenezwa mwendo wa siku moja kutoka Tanga.

Wako wasaidizi wengine waliojulikana katika nusu karne hii. Kuna minyoo wadogo wasioonekana kwa macho, Steinernema feltiae, ambao hutiwa majini na kumwagwa udongoni. Humwingia buu, wakatoa bakteria wanaomwua. Kuna utitiri wa udongoni walao mayai na mabuu. Wapenzi wengine wa urujuani wa Usambara huweka katikati ya vyungu mmea wa majani yenye kunata, ulao wadudu, na visubi hunaswa juu yake kama nzi kwenye asali. Kadi za njano zenye gundi hufanya kazi kama hiyo. Kadi hazimalizi tatizo, lakini humpa mlezi hesabu: leo 20, juma lijalo 8, juma la tatu 1.

Hata hivyo, walezi hodari walirudi mwisho kwenye jambo lisilouzwa dukani. Udongo wa juu uachwe ukauke kina cha sentimita 2 au 3 kabla ya kumwagiliwa tena, kwa kuwa yai na buu mchanga hawahimili ukavu. Kisahani cha chini kimwagwe maji baada ya nusu saa. Utambi uondolewe kwa muda. Majani yaliyoanguka yaokotwe. Chungu kiwe na tundu, na udongo uchanganywe na changarawe ili maji yapite. Mwenye shaka aweke kipande cha kiazi kibichi juu ya udongo. Baada ya siku mbili akigeuze, na mabuu wakiwamo atawakuta wamekusanyika chini yake. Chungu kipya kitengwe na vingine kwa majuma kadhaa. Na hayo yote yafanywe kwa mwezi mzima bila kukatiza, kwani anayeacha siku ya kumi kwa kuwa hawaoni tena visubi huwa amewapisha pupa tu.

Ukiyapanga mafunzo hayo, yote ni njia za kurudisha tabia ya jiwe la Usambara ndani ya chungu: maji yapite, hewa ipite, udongo ulowe na ukauke. Miaka 130 ya moshi, unga, sumu na mvuke ilikuwa ni gharama ya kulisahau jiwe hilo. Hata bakteria wa Negev hushindwa na mkono usiojua kuacha. Mapenzi yaliyomwaga maji kila asubuhi ndiyo yaliyomlisha kisubi, na mmea uliopendwa ukaozea mizizi.

Mwaka 2015 wataalamu waliliondolea ua hili jina la nasaba lililopewa na Wendland, wakaliingiza katika nasaba kubwa ya Streptocarpus. Jina la ukoo wa baron limebaki kwa kundi dogo ndani yake. Jina la Usambara limebaki midomoni mwa Wajerumani wa kawaida. Msituni kwenyewe, aina kadhaa za ua hili zimo hatarini. Hustawi penye kivuli tu, na mti mkubwa ukikatwa juu ya mwamba, jua hulipiga jiwe, vimea vya kijani hukauka na ua hufa pamoja navyo. Hifadhi ya mazingira asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, hulinda sehemu ya makao hayo. Huko dirishani ua hufa kwa maji kuzidi; huku mlimani hufa kwa kivuli kupungua. Penye jiwe na mti vikiwa pamoja, hakuna mtu alazimikaye kulitibu.